Folda ikigoma kufutika: uchague zana ipi, na dirisha lipi la kuchagua faili

Unafuta folda, Windows inakujibu kwamba haiwezekani kwa sababu folda hiyo, au faili iliyomo, imefunguliwa na programu nyingine. Unaangalia huku na huku, hakuna hati iliyo wazi. Unataka kutoa flashi kwa utaratibu, unaambiwa bado inatumika. Mara nyingi kinachoishikilia folda si hati yoyote. Ni programu ambayo saa kadhaa zilizopita mtumiaji aliitumia kufungua dirisha la "Open" au "Save As", akachagua faili humo, akamaliza kazi na kuifunga hati. Hati imefungwa, lakini programu bado imesimama ndani ya folda ile.

Kila mchakato (programu inayoendeshwa) kwenye Windows una folda moja ya sasa, yaani mahali programu inapoanzia kutafuta inapopewa jina la faili lisilo na njia kamili. Ukichagua faili kwenye dirisha la "Open" au "Save As", folda ya sasa mara nyingi huhamia pale. Windows huifungua folda ya sasa na kuishikilia mpaka mchakato uhamie kwingine au ufungwe. Kishikio hicho (kwa Kiingereza handle) kinawaruhusu wengine kusoma na kuandika ndani ya folda, ila hakiruhusu folda yenyewe ifutwe wala ibadilishwe jina. Ndiyo maana unaweza kufuta faili zote zilizomo, moja baada ya nyingine, kisha folda tupu ndiyo ikagoma. Ukiona hali hiyo, mshukiwa wa kwanza ni folda ya sasa ya mchakato fulani. Ikigoma faili moja mahususi na nyingine zikafutika, hilo ni jambo tofauti: kuna programu iliyofungua faili hiyo yenyewe.

Unaweza kuijaribu kanuni hii kwa dakika moja. Fungua cmd (dirisha la amri la Windows), andika `mkdir C:\Jaribio`, kisha `cd C:\Jaribio`. Fungua cmd ya pili na uandike `rmdir C:\Jaribio`. Utapata kosa nambari 32, kwamba mchakato mwingine unaitumia. Rudi kwenye dirisha la kwanza, andika `cd \`, rudia kufuta, na folda itaondoka. Jaribio hili usilifanye kwa PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, kwa sababu `cd` ya PowerShell hubadilisha mahali pake pa ndani tu na kuiacha folda ya sasa ya mchakato palepale ilipokuwa. Tabia hiyo ina upande wake mbaya: ukiianzisha PowerShell kutoka ndani ya folda kwa menyu ya kitufe cha kulia, hata ukiandika `cd ..` mara kumi, folda ile itabaki imeshikiliwa mpaka dirisha lifungwe.

Zana za kumpata anayeshikilia

| Zana | Inapatikanaje | Inaachisha kwa njia gani | Mahali pake |
|---|---|---|---|
| Resource Monitor | Imo ndani ya Windows | Kufunga mchakato mzima | Kompyuta ya mtu mwingine, usiyotaka kuisakinishia kitu |
| File Locksmith | Ndani ya PowerToys, mkusanyiko wa zana za Microsoft | Kufunga mchakato mzima | Kompyuta yako ya kila siku |
| Process Explorer | Kupakua, haisakinishwi | Mchakato, au kishikio kimoja | Uchunguzi wa kina |
| handle | Kupakua, hutumika kwa amri | Kishikio kimoja | Skripti na seva |
| Get-SmbOpenFile | Imo ndani ya Windows | Kufunga faili upande wa seva | Folda inayoshirikiwa mtandaoni |

Resource Monitor ndiyo ya kuanza nayo kama huna kitu kingine mkononi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `resmon`, nenda kwenye kichupo cha "CPU", fungua sehemu ya "Associated Handles", kisha andika kipande cha jina la folda kwenye kisanduku cha kutafutia. Chagua kipande ambacho hakipatikani kwingine. Ukiandika "kazi" italeta kila kitu chenye herufi hizo, lakini "Hesabu_Machi" itakuletea unachokitaka. Safu ya "Image" inakupa jina la programu na safu ya "PID" inakupa nambari ya mchakato. Udhaifu wake ni kwamba haikuambii folda hiyo imeshikiliwa kama folda ya sasa au kwa sababu nyingine, na dawa yake ni moja tu: kuua mchakato.

File Locksmith iliingia kwenye PowerToys toleo la 0.64, mwaka 2022. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Unlock with File Locksmith", na orodha ya michakato inatokea, kila mmoja na kitufe chake cha "End task". Hupekua folda uliyoichagua pamoja na folda ndogo zilizomo. Kwa mtumiaji asiye fundi hii ndiyo rahisi kupita zote. Usidanganywe na orodha tupu: ikiwa programu inayoshikilia inaendeshwa na mtumiaji mwingine au na mfumo, huioni mpaka uianzishe zana upya kwa haki za msimamizi, na kitufe cha kufanya hivyo kimo kwenye dirisha lenyewe. Kwa mashine yenye RAM ndogo, kusakinisha PowerToys yote kwa ajili ya zana moja ni gharama isiyo ya lazima. Kama utaisakinisha, zima moduli nyingine usizozitumia.

Process Explorer ndiyo ya kukaa nayo kwenye flashi ya fundi, na kwa maoni yetu ndiyo bora kuliko zote kwa tatizo hili, kwa sababu moja ambayo tutaifikia hivi punde. Ni mojawapo ya zana za Sysinternals, zilizoanzishwa mwaka 1996 na Mark Russinovich na Bryce Cogswell, na ambazo Microsoft ilizinunua mwaka 2006. Zipakue kutoka kwa Microsoft tu, maana programu nyingi za bure zinazojitangaza kuwa zinafungua folda zilizogoma huja na matangazo na vitu vingine ambavyo hukuviomba. Iendeshe kwa haki za msimamizi, nenda kwenye menyu ya "Find", chagua kutafuta vishikio, andika jina la folda. Ukibofya tokeo, dirisha kuu linakupeleka kwenye mchakato husika na kukuonyesha kishikio chenyewe chini.

Halafu fanya hatua ambayo zana mbili za kwanza haziwezi. Bofya mchakato huo mara mbili, fungua kichupo cha "Image", utazame mstari wa "Current directory". Kama mstari huo unataja folda iliyogoma, umepata jibu kamili: si hati, si kirusi, si diski mbovu, ni folda ya sasa. Kama unataja folda nyingine, programu imeshika kitu kingine ndani yake na itabidi uangalie ni faili gani.

Amri ya handle ni ndugu yake isiyo na dirisha. `handle64.exe -accepteula D:\Hesabu` hukuandikia jina la programu, PID, nambari ya kishikio na njia ya folda. Itumie pale kazi ya usiku ya kuhamisha folda inaposhindwa bila sababu kujulikana. Iweke amri hiyo ndani ya skripti kabla ya hatua ya kuhamisha, matokeo yaelekezwe kwenye faili ya maandishi, na asubuhi utasoma nani alikuwa ameshikilia.

Folda ya mtandao

Hapa ndipo mafundi wengi hupoteza muda, kwa kutumia zana sahihi kwenye mashine isiyo sahihi. Zana nne za mwanzo huona michakato ya kompyuta zinapoendeshwa. Folda ikiwa kwenye seva na mshikaji akiwa kompyuta nyingine ya ofisi, zitakuambia hakuna kitu. Nenda kwenye seva, fungua PowerShell kwa haki za msimamizi, andika:

`Get-SmbOpenFile | Where-Object Path -like "*Hesabu*" | Format-List`

Utaona jina la mtumiaji na kompyuta anayotumia. Mpigie simu afunge programu yake. Asipopatikana, `Close-SmbOpenFile -FileId` ikifuatiwa na nambari uliyoiona itamkatia, ila kama alikuwa anahariri, mabadiliko ambayo hajayahifadhi yanaweza kupotea. Asiyependa amri atumie `fsmgmt.msc`, sehemu ya "Open Files". Kwenye seva ya Linux yenye Samba (programu ya kushiriki folda na Windows), amri ni `smbstatus`.

Kuna mshikaji mwingine wa folda za mtandao ambaye hutajwa mara chache: Explorer mwenyewe. Akionyesha picha ndogo za faili kwenye folda ya mtandao huandika faili iliyofichwa iitwayo Thumbs.db, na mara nyingine huendelea kuishika. Folda ikigoma kwa sababu ya Thumbs.db, usihangaike kuifuta kila siku. Iwashe sera ya kuzuia faili hizo: kwenye `gpedit.msc` fuata User Configuration, Administrative Templates, Windows Components, File Explorer, kisha "Turn off the caching of thumbnails in hidden thumbs.db files". Kidirisha cha kuchungulia hati ndani ya Explorer nacho hushika faili inayoonyeshwa. Kizime kwa Alt na P.

Flashi inayokataa kutoka

Kwenye steshenari, ambako flashi za wateja huingia na kutoka siku nzima, tatizo ni lilelile kwa sura nyingine. Programu ya kuchapisha imefungua dirisha la kuchagua faili, mteja akachagua hati kutoka E:, na folda ya sasa ya programu ikahamia E:. Hati inafungwa, flashi haitoki. Usichomoe kwa nguvu. Fungua Event Viewer, nenda Windows Logs, kisha System, utafute tukio nambari 225 kutoka Kernel-PnP. Limeandikwa jina la programu iliyozuia na nambari ya mchakato wake. Kwa flashi hii ni njia ya haraka kuliko zana zote za kwenye jedwali, na haihitaji kupakua chochote.

Kuachilia: njia ipi kwanza?

Njia ya upole kabisa haitajwi kwenye miongozo mingi. Rudi kwenye programu inayoshikilia, fungua tena dirisha la "Open", nenda Documents, fungua faili yoyote pale. Folda ya sasa itahamia Documents na ile iliyogoma itaachiliwa, bila kufunga programu wala kupoteza kazi. Ukibonyeza "Cancel" usitegemee matokeo hayo, chagua faili kweli.

Isipowezekana, ifunge programu kawaida. Kama bado folda inagoma, angalia watoto wake. Mchakato unapoanzisha mwingine bila kuutajia folda ya kuanzia, mtoto hurithi folda ya sasa ya mzazi. Programu ya hesabu inaweza kufungua kisoma-PDF, wewe ukaifunga programu ya hesabu, kumbe kisoma-PDF bado kimesimama kwenye folda ileile. Watu wengi hufikia hapa wakaamua kuwasha kompyuta upya, wakati ingetosha kutafuta tena kishikio na kukuta jina la programu ya pili.

Kufunga kishikio kwa nguvu, kwa Process Explorer au kwa `handle64.exe -c` ikifuatiwa na nambari ya kishikio na `-p` na PID, kuwe hatua ya mwisho. Programu haijui kwamba kishikio chake kimefungwa, na Windows hutumia tena nambari za vishikio. Nambari uliyoiachilia inaweza kupewa faili nyingine dakika hiyohiyo, na programu ikiitumia ikidhani ni kile cha zamani, inaweza kuandika mahali pasipo pake. Kwenye programu yenye hifadhidata, hatari ni kubwa kiasi kwamba afadhali kuuua mchakato wote. Mchakato uliokufa hupoteza kazi ambayo haijahifadhiwa. Mchakato uliovurugwa unaweza kuharibu hata iliyokwisha hifadhiwa.

Kabla ya yote hayo, hakikisha kufuli si faili ya kando. LibreOffice huandika faili ya mfano `.~lock.ripoti.odt#` na Word huandika faili inayoanza na `~$`, zote kwenye folda ya hati. Programu ikizimika ghafla kwa umeme kukatika, faili hizo hubaki na mtu mwingine huambiwa hati inatumika. Hapo hakuna kishikio cha kutafuta. Hakikisha kweli hakuna aliyeifungua, kisha futa faili hiyo ya kando.

Linux na macOS

Mifumo hii huamua kinyume. Unaweza kufuta folda ambayo ni folda ya sasa ya mchakato mwingine, na mfumo hautakuzuia. Anayeumia ni mchakato ule: ukiwa kwenye terminali iliyosimama ndani ya folda iliyofutwa, amri zitalalamika kwamba getcwd (amri ya ndani inayouliza folda ya sasa) haioni folda ya juu. Kwa mtumiaji wa kawaida ukimya huo ni nafuu. Kwa anayesimamia kazi zinazojiendesha zenyewe, tunaona njia ya Windows ina faida yake, kwa sababu kosa linajitokeza mapema kwa yule anayefuta badala ya kumkuta anayefanya kazi.

Panapofanana ni kwenye kushusha flashi au diski. Linux itasema "target is busy" hata kama kinachoshikilia ni folda ya sasa tu. `fuser -vm` ikifuatiwa na mahali flashi ilipopandishwa hukuonyesha kila mchakato, na herufi `c` kwenye safu ya ACCESS maana yake ndiyo folda ya sasa. `f` ni faili iliyofunguliwa, na `F` ni iliyofunguliwa kwa kuandikwa. `lsof +D` nayo hufaa kwa folda moja, lakini hupitia mti wote wa folda zilizomo, hivyo kwenye folda kubwa itakukawiza. Usitumie `fuser -k` kwa haraka, maana huua michakato yote iliyotajwa bila kuipa nafasi ya kuhifadhi. Na `umount -l` huificha flashi isionekane wakati huenda bado inaandikwa, kwa hiyo usiitumie kama ruhusa ya kuchomoa.

Kwa waandishi wa programu: dirisha lipi?

Kama ni programu yako inayoshikilia folda za watu, hapa ndipo pa kumaliza tatizo.

GetOpenFileName, amri ya Windows ya kufungulia dirisha la kuchagua faili, ni ya zamani na huhamisha folda ya sasa. Kuna bendera ya OFN_NOCHANGEDIR inayotakiwa kuirudisha, lakini nyaraka za Microsoft zenyewe zinasema haifanyi kazi kwa GetOpenFileName. Ukilazimika kubaki nayo, soma GetCurrentDirectory kabla ya kuita dirisha na urudishe kwa SetCurrentDirectory baada yake. Kumbuka folda ya sasa ni ya mchakato mzima. Uzi mwingine wa programu ukifungua faili kwa jina fupi dirisha likiwa wazi, utaikosa au utaikuta nyingine yenye jina hilo. Tiba ya hilo ni kutumia njia kamili kila mahali.

IFileOpenDialog, iliyokuja na Windows Vista, ndiyo ya kuchagua kwa programu mpya. Ita GetOptions kwanza, ongeza FOS_NOCHANGEDIR kwenye ulichokipata, kisha SetOptions. Ukiruka GetOptions na kuweka bendera yako peke yake, utafuta mipangilio ya msingi ya dirisha. Dirisha hilohilo huchagua folda ukiongeza FOS_PICKFOLDERS, kwa hiyo huhitaji kuandika la pili. Kwa Windows Forms, weka RestoreDirectory iwe true kwenye OpenFileDialog na SaveFileDialog, maana chaguo-msingi ni false.

Usalama nao umo humu. Folda ya sasa imo kwenye orodha ya mahali Windows inapotafuta DLL (faili za msimbo ambazo programu huzipakia), hata kama siku hizi imesogezwa nyuma ya folda za mfumo. Programu iliyohamishwa na dirisha hadi folda ya mtandao inaweza kupakia DLL iliyopandwa pale na mtu mbaya, jambo lililoifanya Microsoft itoe onyo rasmi Agosti 2010. Ita SetDllDirectory kwa maandishi matupu programu inapoanza, na folda ya sasa itaondolewa kwenye orodha hiyo.

Dirisha likisafishwa na folda bado inagoma, pekua msimbo wako. FindFirstFile isiyofungwa kwa FindClose huacha kishikio cha folda. Kwenye .NET, Image.FromFile huifunga faili ya picha mpaka kitu chenyewe kiachiliwe kwa Dispose, na faili hiyo ikikataa kufutika, folda yake nayo haifutiki. Kupima ni rahisi: fungua Process Explorer pembeni, usome "Current directory" ya programu yako, chagua faili kutoka flashi kupitia dirisha lako, funga dirisha la sifa na ulifungue tena ili lisome upya. Mstari ukibaki ulivyokuwa, jaribu kuitoa flashi programu ikiwa bado wazi.